Baharia Mmoja, Maneno Kumi: Uhakiki wa Tafsiri ya Majina ya Wanamaji wa Ulaya

Utangulizi

Mwanafunzi wetu anapotafsiri habari za meli kutoka Kifaransa, Kiingereza au Kijerumani, mara nyingi huwa na neno moja tu mkononi, nalo ni baharia. Marin kwake ni baharia, matelot ni baharia, Seemann ni baharia, na Matrose naye ni baharia. Tafsiri hupita, mwalimu huweka alama ya vema, na hakuna anayeuliza kilichopotea njiani. Makala haya yanahakiki mazoea hayo. Hoja yetu ni kwamba majina ya watu wa melini katika lugha za Ulaya yana mambo mawili tofauti, yaani kazi na cheo, na mfasiri anayeyachanganya huharibu maana ya matini hata pale ambapo sentensi yake ya Kiswahili ni sanifu kabisa.

Kazi na cheo

Tuanze na kazi. Lugha nyingi za Ulaya zina neno lililojengwa juu ya jina la bahari. Kifaransa kina marin, Kihispania marinero, Kireno marinheiro, Kiitaliano marinaio, na yote yanatokana na neno la Kilatini la bahari. Kijerumani kina Seemann, mtu wa bahari. Kirusi kina moryak, kutokana na more, bahari. Neno letu baharia ni ndugu wa maneno haya kwa muundo, kwani nalo limetoka katika neno la Kiarabu la bahari.

Upande wa pili kuna matelot ya Kifaransa. Wataalamu wengi huiona imetoka katika Kiholanzi cha kale, mattenoot, yaani mwenzi wa kitandani, kwa sababu mabaharia wawili walipokezana kitanda kimoja, mmoja akilala wakati mwenzake yuko zamu. Wengine huihusisha na lugha ya kale ya Skandinavia, kwa maana ya mwenzi wa chakula. Neno hilo lilirudi Uholanzi likiwa matroos, likaingia Kijerumani likawa Matrose, likafika Urusi likawa matros. Safari hiyo ya mwisho inaeleweka tukikumbuka kwamba mfalme Peter wa Urusi alikwenda Uholanzi mwaka 1697 kujifunza uundaji wa meli, na istilahi nyingi za jeshi lake jipya la majini zikatoka huko.

Basi tofauti iko wapi? Amiri wa jeshi la majini anaweza kuitwa marin hodari, au moryak hodari, na ikawa sifa. Ukimwita matelot au matros, umemshusha hadi ngazi ya chini kabisa. Neno la kwanza linataja kazi na uzoefu, la pili linataja mahali pa mtu katika safu ya amri.

Mfano wa Urusi unadhihirisha hatari iliyopo. Baada ya mapinduzi ya 1917, matros lilikoma kuwa jina la cheo. Katika vyeo vilivyowekwa mwaka 1935, mwanamaji wa chini aliitwa krasnoflotets, yaani mtu wa jeshi jekundu la meli. Mwaka 1946 jina matros likarudishwa. Sasa mpe habari hii mfasiri mwenye neno moja. Ataandika kwamba mabaharia waliacha kuitwa mabaharia, wakaitwa mabaharia, kisha wakarudi kuitwa mabaharia. Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini historia nzima imezama.

Asili ya neno si cheo chake

Wapo wanafunzi, hasa wale waliopenda somo la etimolojia, wanaokimbilia asili ya neno kama dawa ya tatizo hili. Kwa mtazamo wetu, asili ya neno huburudisha na kufundisha, lakini haimwambii mfasiri nani anampigia saluti nani.

Tazama neno mate la Kiingereza, ambalo asili yake ni mtu mnayekula naye. Katika meli za biashara, mate ni ofisa, msaidizi wa nahodha. Katika jeshi la majini la Ujerumani, ndugu yake Maat si ofisa, bali yuko katika ngazi inayokaribia sajini. Mzizi ni mmoja, vyeo ni mbalimbali.

Quartier-maître ni mtego mkubwa zaidi. Katika majeshi ya majini ya Ufaransa na Ubelgiji huyu yuko juu kidogo tu ya matelot, sawa na koplo wa nchi kavu. Quartermaster wa jeshi la nchi kavu la Uingereza ni ofisa wa ghala na vifaa, na katika meli za biashara ni mshika usukani. Mwanafunzi anayeandika “mkuu wa makao” kwa wote watatu amempandisha mmoja cheo na kuwabadilishia wengine kazi.

Aidha, kuna mousse wa Kifaransa, kijana anayejifunza kazi melini. Tumewahi kusoma katika daftari la mwanafunzi kwamba “povu lilipanda mlingoti”. Lau angalitazama jinsia ya nomino, angaliona kwamba la mousse ni povu, na le mousse ni kijana.

Lugha yetu haina haki ya kucheka, kwa maana imepitia njia hiyo hiyo. Serahangi, kiongozi wa mabaharia chomboni, ametoka katika neno la Kiajemi sarhang. Katika jeshi la Iran, sarhang ni kanali.

Ziwa letu katika suala hili

Huenda msomaji akauliza: sisi wa Bujumbura, mbali na bahari, yanatuhusu nini? Jibu liko mbele ya macho yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, vyeo hivi vya Ulaya vilikuja Ziwa Tanganyika. Wanamaji wa meli ya Möwe, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha Dar es Salaam mwezi Agosti 1914, walipelekwa Kigoma. Waingereza walivuta mashua zao mbili, Mimi na Toutou, kupitia Kongo hadi ziwani, kwa nguvu za Waafrika wengi waliofyeka njia na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha Graf von Götzen, ambayo baadaye iliibuliwa, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba.

Kumbukumbu za vita hivyo ziko katika Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kiholanzi. Mwanafunzi wetu ndiye anayetarajiwa kuzileta katika Kiswahili. Kila mtu akiwa baharia, msomaji hatajua nani aliamuru, nani alitii, na nani aliajiriwa tu kuendesha chombo.

Hoja ya upande wa pili

Baadhi ya walimu wenzetu husema kwamba muktadha hutosha, na kwamba Kiswahili hakilazimiki kufuata kila mgawanyo wa Ulaya. Hoja hii ina uzito. Hata Kihispania hutumia marinero kwa kazi na kwa cheo pia. Hatudai maneno kumi mapya. Lakini muktadha husaidia pale tu ambapo mfasiri mwenyewe ameuelewa.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, baharia libaki kwa mtu wa kazi ya melini kwa jumla. Pili, mwanamaji litumike kwa mtu wa jeshi la majini, na pale cheo kinapotajwa, mfasiri aseme “mwanamaji wa cheo cha chini” au “koplo wa jeshi la majini”, kwa kadiri ya matini. Tatu, watunzi wa kamusi za lugha mbili waonyeshe wazi kama kidahizo ni jina la kazi au la cheo, na ni cha jeshi la nchi gani.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mfasiri asiyejua nahodha ni yupi na baharia ni yupi hukipeleka mrama vilevile.