Bunduki Namba 5 na Bega la Askari

Mwaka 1944, vita vya Burma vikiwa bado vinaendelea, viwanda vya Shirley na Fazakerley nchini Uingereza vilianza kutoa bunduki iliyokusudiwa kupigania msituni. Ilitokana na Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya kawaida ya askari wa miguu wa Kiingereza, ila ilikuwa imepunguzwa kila palipopunguzika. Mtutu ulifupishwa, mbao za mbele zikakatwa, chuma kikachongwa karibu na chemba, hata kirungu cha mkono wa bolti kikatobolewa. Uzito ukashuka kutoka kama kilo 4.1 hadi kama kilo 3.2. Kwa mtu anayepanda mlima huku amebeba maji, chakula, blanketi na risasi, kupunguziwa karibu kilo nzima ni neema kubwa. Hiyo ndiyo Namba 5. Baada ya vita kuu ilifika Kenya, na baadhi ya askari wa Keya (King's African Rifles) waliibeba katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya miaka ya Mau Mau.

Sifa iliyoifuata tangu siku hizo ni kwamba inaumiza bega. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba ni nyepesi. Ni kweli, lakini jibu hilo halijitoshelezi, na anayefundisha vijana kulenga shabaha akiliridhikia ataacha mambo mengine matatu au manne ambayo yako ndani ya uwezo wake kuyarekebisha.

Tuanze na hesabu. Risasi ya .303 ya aina ya Mk VII ina uzito wa gramu 11.3 na hutoka kwenye mtutu mrefu kwa kasi ya mita 744 kwa sekunde. Nyuma yake kuna baruti kama gramu 2.4 iliyogeuka gesi, na gesi hiyo hutoka kwa kasi kuliko risasi yenyewe. Kwa bunduki za namna hii mafundi huikadiria kuwa mara moja na robo tatu ya kasi ya risasi. Chochote kinachokwenda mbele hudai malipo yale yale nyuma. Ukijumlisha risasi na gesi, Namba 4 yenye kilo 4.1 inalazimika kurudi nyuma kwa kasi ya kama mita 2.8 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya takriban jouli 16. Ukiweka risasi ile ile ndani ya kilo 3.2, na tukiacha pembeni tofauti ndogo inayoletwa na mtutu mfupi, kasi inapanda hadi mita 3.6 na nishati inafika jouli 20 na kidogo.

Yaani robo zaidi. Linganisha na .458 Winchester Magnum, risasi iliyotoka mwaka 1956 na ambayo askari wengi wa wanyamapori wameitumia kukabiliana na tembo au nyati waliovamia mashamba. Ile ina gramu 32.4 na kasi ya kama mita 620. Katika bunduki ya kilo 4.1 inazalisha msukumo wa nyuma wenye nishati ya karibu jouli 77. Ukilinganisha na Namba 4 yenye uzito huo huo, msukumo umeongezeka zaidi kidogo ya mara mbili, lakini nishati, kwa kuwa inakua kwa mraba wa kasi, imekaribia mara tano. Hapo mtu akisema bega limemuuma, hesabu inamuunga mkono bila maswali. Jouli 20 za Namba 5 haziko katika daraja hilo hata kidogo.

Kilichobaki kinaonekana ukiigeuza bunduki na kutazama kitako chake. Namba 4 ina bamba pana la chuma, gumu na baridi, lakini linalikalia bega kwa upana wake wote. Kwenye Namba 5 wabunifu waliweka kipande cha mpira ili kumpunguzia askari maumivu. Nia ilikuwa njema. Lakini mpira wenyewe ni mwembamba kuliko lile bamba pana, kwa hiyo nguvu iliyokuwa imetandazwa sasa inaingia mwilini kupitia eneo dogo zaidi. Isitoshe, mpira wa zama zile hukauka kwa miaka. Ukikauka hauminyiki tena, na askari anabaki na kitako chembamba kilicho kigumu kama mbao. Hili ndilo kosa kubwa la ubunifu wa Namba 5 kwa maoni yangu, kubwa kuliko kupunguza uzito, kwa sababu uzito ulipunguzwa kwa faida iliyoonekana, ilhali wembamba wa kile kipande haukumfaidi mpigaji kwa lolote.

Ongeza sauti na mwako. Mtutu mfupi huzitoa gesi zikiwa bado na shinikizo kubwa, ndiyo maana Namba 5 ilifungwa faneli ya kuficha mwako kwenye mdomo. Faneli ile hupunguza mwanga unaoonekana. Haipunguzi kishindo kinachoyafikia masikio ya mpigaji. Nitalirudia suala la masikio, maana lina uhusiano na bega kuliko watu wanavyodhani.

Sasa twende ndani ya mwili. Risasi ikiwa bado inakimbia ndani ya mtutu, muda usiofika hata milisekunde 2, bunduki imekwisha kuanza kurudi, lakini imesogea kama milimita 2 tu. Sehemu kubwa ya msukumo unaousikia begani huja risasi ikiwa imekwenda zake. Na mwili wa binadamu, hata wa kijana mwepesi, unahitaji zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kuitikia kitu cha ghafla. Kwa hiyo hakuna anayeupokea msukumo kwa kuuitikia. Bega hulindwa kabla kifyatulio hakijaguswa, au halilindwi.

Kosa la kwanza la kuruta ni kuogopa kitako na kukiacha mbali kidogo na bega. Anadhani anajihurumia. Tuseme ameacha nafasi ya sentimita moja. Bunduki inaivuka nafasi hiyo kwa milisekunde tatu au nne ikiwa huru kabisa, kisha inaligonga bega kwa kasi yake yote. Kama kitako kingekuwa kimegusa na kukaza tangu mwanzo, bunduki ingelazimika kuanza safari ikiwa inasukuma pia bega, kifua na kiwiliwili. Mtu aliyekwisha kukuwekea kiganja kifuani akikusukuma utayumba. Yule yule akikurushia ngumi kutoka mbali utaumia, hata kama nguvu aliyotumia ni moja.

Kukaza huko kuna kiasi chake. Mkono wa nyuma ndio unaovuta kitako begani kwa nguvu ya wastani, isiyobadilika, na ule wa mbele unasaidia bila kutetemeka. Ukikaza hadi misuli inatikisika, utakosa shabaha, na kesho yake utaumwa shingo na kulaumu bunduki.

Kitako kikae wapi? Kuna bonde dogo kati ya mtulinga na kiungo cha bega, ambalo musuli wa kifua unalifunika. Inua kiwiko cha mkono wa kufyatulia kidogo, nalo litajitokeza. Hapo pana nyama. Ukikipandisha kitako juu ya mtulinga, mfupa ndio unaopigwa, na chini ya mfupa huo unapita mkusanyiko wa neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi. Ukikitelezesha nje, kinaangukia kwenye kiungo au kwenye musuli wa mkono. Mwalimu anayejua kazi yake anaweza kusoma mwili wa mwanafunzi wake jioni: alama ya wekundu ikiwa kifuani karibu na bega, mshiko ulikuwa mzuri; ikiwa kwenye mkono wa juu, kitako kilikuwa kinatoroka. Wekundu na maumivu ya siku moja mbili si jambo la kutisha. Ganzi ya vidole, au mkono kulegea na kushindwa kukamata vitu, ni jambo jingine. Hapo mtu aache kupiga kabisa na aende kumwona daktari, maana neva zilizominywa mara kwa mara zinaweza kuchukua muda mrefu kupona.

Mkao nao una kauli yake. Mtu aliyesimama, mguu mmoja mbele na kifua kimeinamia bunduki kidogo, anaposukumwa anayumba, na kuyumba huko ndiko kunakomwokoa. Msukumo unasambaa katika njia ndefu. Nishati ya jouli 16 ikizuiwa ndani ya sentimita 2 inatoa nguvu ya wastani ya nyutoni 800. Ikizuiwa ndani ya sentimita 4, nyutoni 400. Mtu aliyelala kifudifudi hana pa kuyumbia. Ardhi imemshika viwiko, kiwiliwili hakisogei, bega linabeba karibu kila kitu. Vivyo hivyo kwa aliyeketi mezani akirekebisha darubini ya bunduki nzito, na ndiyo maana wapigaji wengi wa .458 huumizwa zaidi mezani kuliko wakiwa porini. Kwa kazi hiyo ya meza hakuna aibu yoyote kuweka kitambaa kinene kilichokunjwa au kimfuko cha mchanga kati ya kitako na bega. Uzito wa mchanga unapunguza kasi ya kurudi na upana wake unatandaza nguvu. Risasi nazo zisiwe nyingi. Risasi chache za makini zinatosha, kisha pumzika.

Majeshi ya Kiingereza ya zamani yalifundisha kulala kwa mshazari, miguu ikielekea kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Leo walimu wengi wanapendelea mwili unyooke nyuma ya bunduki, ili msukumo upite kupitia bega kwenda mgongoni na bunduki irudi ilipokuwa. Naona hawa wa leo wako sahihi kwa upande wa bega, kwa sababu mshazari unaukaribisha mtulinga kwenye kitako na kuliacha bega lizungushwe.

Jambo ambalo Waingereza walilifanya vizuri mno, na ambalo limesahaulika, ni urefu wa vitako. Kwa Lee-Enfield za zamani vitako vilitengenezwa kwa saizi mbalimbali: kulikuwa na cha kawaida, kirefu kikiwa na herufi L, kifupi kikiwa na S, na kifupi zaidi kikiwa na B. Tofauti kati ya kimoja na kingine ni kama nusu inchi. Inaonekana ndogo, lakini mtu mfupi akipewa kitako kirefu atalazimika kukisogeza nje hadi kwenye kiungo cha bega ili mkono wake wa mbele ufike, na mtu mrefu mwenye kitako kifupi atagongwa pua na kidole gumba chake mwenyewe. Askari wa wanyamapori wa sasa ana tatizo hilo kwa sura mpya. Anapimiwa bunduki akiwa na fulana, kisha anakwenda doria akiwa amevaa vesti ya kuzuia risasi na mifuko ya magazini kifuani. Unene wa vesti umerefusha kitako bila mtu kukigusa, na kamba ya vesti imekaa mahali pale pale kitako kilipotakiwa kukaa.

Sasa masikio. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150 kwenye sikio la mpigaji, na usikivu huanza kuwa hatarini kwa mlio wa ghafla wa desibeli 140. Zaidi ya madhara hayo, mlio ndio unaoufundisha mwili kuogopa. Mpigaji anayefumba macho na kusukuma bega mbele sekunde moja kabla ya kufyatua mara nyingi haogopi kitako, anaogopa kishindo. Mzibe masikio vizuri, na utaona yule aliyedai bunduki inampiga akitulia. Asipotulia, mwalimu amchanganyie risasi bandia katika magazini bila yeye kujua mpangilio wake. Pini itakapogonga risasi bandia, mdomo wa mtutu ukitumbukia chini, wote wawili watakuwa wameuona ugonjwa.

W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Mauaji yale yananisikitisha, na sioni cha kuyasifia. Ila kwa upande wa ufundi alithibitisha kwamba bunduki isiyomtisha mpigaji huipeleka risasi inapotakiwa, na kwamba ukubwa wa msukumo si kipimo cha ubora.

Kwa wabunifu, msukumo una dawa tatu: uzito, muda na eneo. Bunduki ya Boys ya kupigia vifaru, iliyoingia jeshini mwaka 1937, ilizitumia zote. Ilirusha risasi ya inchi .55, ikawa na kilo 16, breki kwenye mdomo wa mtutu, springi iliyoruhusu mtutu kurudi nyuma taratibu, na kitako chenye mto. Namba 5 ilikuja baadaye, kutoka nchi ile ile, ikanyang'anywa dawa ya kwanza kwa sababu ya msitu na ya tatu kwa sababu ya kipande chembamba cha mpira.

Kwa mwenye bunduki ya zamani ya namna hii, kwa kibali na kwenye uwanja halali wa shabaha, kazi ya kwanza ni kukibonyeza kile kipande cha mpira kwa kidole gumba. Kisipobonyea, avalishe kitakoni soksi pana ya mpira laini au ya ngozi yenye sponji, inayofunika kitako kutoka juu hadi chini, kisha apime upya urefu akiwa amevaa nguo zile zile atakazopigia.