Mifupa Iliyombeba Jitu la Tendaguru

Tafuta vibiriti tisa vinavyolingana. Kimoja kiweke kando. Vinane vilivyobaki vipange viwe boksi moja: viwili kwa urefu, viwili kwa upana, viwili kwenda juu. Umepata kiberiti kikubwa chenye umbo lilelile, ila kila upande umeongezeka mara mbili. Uzito wake sasa ni mara nane ya kile cha kando, lakini sehemu inayokalia meza imeongezeka mara nne tu. Ndiyo maana kila kiberiti cha chini kina mwenzake mgongoni. Mnyama naye hukua kwa hesabu hiyohiyo: uzito unakimbia, unene wa mfupa unachelewa nyuma. Galileo Galilei aliliandika jambo hili mwaka 1638, akaeleza kwamba jitu lenye umbo la mtu wa kawaida lingeelemewa na mwili wake wenyewe.

Basi Giraffatitan alisimamaje?

Huyu ni dinosaria mla majani aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, mahali ambapo leo ni mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Mifupa yake ilifukuliwa katika kilima cha Tendaguru. Akiinua kichwa alifika mita 13 kwenda juu. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele peke yake una urefu wa mita 2 na ushei. Mlango wa nyumbani kwenu huenda ni mfupi kuliko huo. Uzito wake hukadiriwa kuwa zaidi ya tani 20, na wengine humfikisha 40, wakati tembo dume mkubwa ana tani 6 hivi.

Anza na miguu. Mjusi wa ukutani huitanua miguu yake pembeni, tumbo likiwa karibu na ukuta. Ni mkao mzuri kwa mwepesi kama yeye. Kwa mzito ni adhabu. Kunja magoti nusu, kama anayetaka kukaa kitini lakini kiti hakipo, kisha hesabu hadi mia moja: mapaja yatawaka moto. Sasa simama wima. Mifupa inabeba, misuli inapumzika. Miguu ya Giraffatitan ilinyooka chini ya mwili wake, mfupa juu ya mfupa, na mzigo ukashuka moja kwa moja hadi ardhini.

Katikati ya mifupa hiyo hakuna tundu kubwa la uboho. Nje ni mfupa mgumu, ndani umejaa mfupa wenye vitundu vidogovidogo. Ncha zake zinakwaruza, zina vishimo na vinundu, alama kwamba zilivikwa gegedu nene. Gegedu yenyewe ilioza zamani. Tazama na mguu wa mbele: mifupa mitano ya kiganja haikulala, imesimama wima kwa kujipanga nusu duara, na vidole vimefupishwa mpaka karibu kwisha. Nyuma, chini ya kisigino, palikuwa na mto wa nyama, kama alio nao tembo hadi leo.

Lakini anayemtazama huyu mnyama kwa makini hatakaa sana miguuni. Atapanda mgongoni, na hapo ndipo mimi humvulia kofia fundi wa mifupa hii.

Miguuni mfupa uliongezwa. Mgongoni na shingoni uliondolewa! Kutoka kwenye mapafu vilitoka vifuko vya hewa, kama alivyo navyo kuku, vikapenya hadi ndani ya pingili za uti wa mgongo. Zaidi ya nusu ya pingili ya shingo ilikuwa hewa tupu. Ukiikata, ndani utaona kama sega la asali. Mfupa uliobaki ni kuta nyembamba, na kuta hizo hazikukaa ovyo: zimepita palepale ambapo mzigo unasukuma au kano zinavuta. Penye kazi pana mfupa, pasipo na kazi pana hewa. Kila pingili ya shingo imetuna mbele na kubonyea nyuma, ili ikae ndani ya mwenzake bila kuteleza. Shingo ilikuwa na pingili 13 (yako ina 7, na ya twiga pia 7), na mwisho wake kichwa kidogo ambacho hakikutafuna. Majani yalimezwa vilevile, tumbo likafanya kazi iliyobaki. Taya zito la kutafunia lingeielemea shingo.

Zamani wataalamu wengi hawakuamini kwamba mwili ule ungeweza kusimama nchi kavu. Wakamweka ziwani, pua tu ikitokeza. Mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha kwamba katika kina kile maji yangekibana kifua asiweze kuvuta pumzi.

Mafundi wengine wa mifupa hii walikuwa watu walioifukua. Kati ya 1909 na 1913, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mamia ya wachimbaji walifanya kazi Tendaguru, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Pingili yenye kuta nyembamba, iliyolala ardhini tangu enzi za dinosaria, huwezi kuing'oa kwa nguvu. Mifupa ilifungwa kwa udongo, plasta na mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Berlin.

Huko Giraffatitan alisimamishwa makumbushoni mwaka 1937, viwiko vikiwa vimechomoza pembeni kimjusi. Mwaka 2005 wakamfungua, na 2007 akasimama upya, miguu ya mbele ikiwa imenyooshwa. Ila ukifika kwenye makumbusho yale, jua kwamba pingili za shingo na mgongo unazoziona juu ni za kuigwa. Vile vyumba vyote vya hewa vilijaa mawe ardhini. Sehemu iliyokuwa nyepesi kuliko zote wakati wa uhai wake ikawa nzito na dhaifu mno kutundikwa, hata kwa vyuma.