Asilimia 32: namba inayowatisha wasafiri wenye siliaki

Kama una ugonjwa wa siliaki na unajiandaa kwenda Marekani, kuna namba moja utakutana nayo tu, upende usipende: asilimia 32. Yaani kwenye migahawa ya huko, karibu chakula kimoja kati ya vitatu vilivyotajwa kuwa havina gluteni kilikutwa nayo. Namba hii si ya kutunga. Imetoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika American Journal of Gastroenterology, ukiongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Nataka tuusome pamoja, kwa sababu unanukuliwa sana na kusomwa kidogo.

Kwanza tuwekane sawa. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, protini hiyo inaichochea kinga ya mwili kuushambulia utumbo mdogo, na vile vinyweleo vya kufyonza virutubisho vinaharibika. Sio mzio wa kuwashwa ngozi, wala sio fasheni ya kupunguza mwili. Tiba ni chakula chenyewe, maisha yote. Ukiwa nyumbani unajipanga: ugali wa mahindi, wali, ndizi, maharage, na unajua chapati zilipikwa kwenye kikaango kipi. Ukivuka mpaka unakula kwa kuamini neno lililoandikwa kwenye menyu na mtu usiyemjua. Ndiyo maana namba kama hii inaweza kumfanya mtu amalize wiki nzima ya mkutano akila ndizi na karanga chumbani.

Sasa, ilipatikanaje? Kuna kifaa cha mkononi kinaitwa Nima. Unaweka kipande cha chakula kama punje ya njegere kwenye kikopo cha kutumia mara moja, kifaa kinakisaga na kukipima kwa kingamwili, na baada ya dakika chache kinakuambia gluteni ipo au haipo. Watu 804 walikitumia kwenye migahawa kwa miezi 18 na matokeo yakakusanywa: vipimo 5,624. Wazo zuri sana, kusema kweli. Maabara gani ingeweza kutuma wapimaji kwenye migahawa mingi hivyo?

Lakini hebu jiulize: nani aliamua kipi kipimwe? Mlaji mwenyewe. Kila kipimo kinakula kikopo kimoja, na vikopo ni hela. Piga hesabu, unapata wastani wa vipimo 7 kwa mtu katika kipindi chote hicho. Je, mtu anapima sahani anayoiamini au ile inayomtia wasiwasi? Nadhani ya pili, na kama ndivyo, asilimia 32 imepanda kuliko hali halisi. Inawezekana pia kwamba watu hawa ni waangalifu mno, hawaingii mgahawa wa ovyo, hivyo namba imeshuka. Data zenyewe haziwezi kutuamulia. Kwa hiyo kusema "theluthi moja ya vyakula vya migahawa Marekani" ni kuruka mto bila daraja. Kilichopimwa ni theluthi moja ya vyakula ambavyo watu hawa waliamua kuvipima.

La pili linanikera zaidi. Kifaa kinajibu ndiyo au hapana, hakisemi kiasi gani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2013 inataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kiwe na chini ya sehemu 20 kwa milioni. Kifaa kinaweza kupiga kelele hata chini ya hapo, na waandishi wenyewe wanalikubali hilo. Chukua sahani ya gramu 300. Ikiwa na sehemu 20 kwa milioni, umekula miligramu 6 za gluteni. Ikiwa na 2,000, umekula miligramu 600. Utafiti wa Italia wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miligramu 50 kila siku kwa siku 90 zinatosha kuharibu ukuta wa utumbo. Sahani mbili hizo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa utumbo wako, ila ndani ya ile asilimia 32 zinahesabiwa sawa. (Na ndiyo, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya kifaa hicho ni mmoja wa waandishi. Si siri wala si kosa, ila ni jambo la kujua unaposoma.)

Linganisha na Melbourne, Australia. Matokeo ya huko yalichapishwa 2018: maofisa wa afya wa jiji waliingia kwenye biashara 127 za chakula bila kutoa taarifa, wakachukua sampuli 158, zikapimwa maabara. Zilizokutwa na gluteni ni asilimia 9. Tena Australia ni wakali zaidi, kwani huko neno hilo maana yake gluteni isionekane kabisa kwenye kipimo. Chakula chenye sehemu 10 kwa milioni ni halali Chicago na ni kosa Melbourne! Sitaki kusema 9 ndiyo namba sahihi na 32 ni uongo. Ni nchi mbili, vipimo viwili. Ila tazama jinsi njia ya kuchagua sampuli inavyobeba jibu.

Je, tuutupe utafiti wa Marekani? Hapana. Sehemu yake nzuri ndiyo ambayo watu hawainukuu. Ukivitenganisha vyakula, piza ilikutwa na gluteni kwa asilimia 53.2 na pasta 50.8. Hapo upendeleo wa wapimaji hauwezi kueleza kila kitu, maana jikoni kuna sababu inayoeleweka: oveni moja na unga unaopeperuka kila mahali, au maji yaleyale yaliyochemshia pasta ya ngano. Kwa msafiri hiyo ni taarifa ya kufanyia kazi. Menyu inaweza kuwa ya kweli kuhusu viungo na bado sahani ikachafuka njiani.

Kwa hiyo ukikaa mezani, swali la "hiki kina gluteni?" halikusaidii sana, mhudumu atajibu hapana na atakuwa mkweli. Uliza pasta inachemshwa kwenye sufuria ipi, piza inalala juu ya nini. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta gani, na kabla yake kilikaangwa nini humo? Na usikitegemee kifaa kwa bia wala sosi ya soya: uchachushaji huikata gluteni vipande vidogo ambavyo kingamwili zake zinashindwa kuvikamata, kwa hiyo kinaweza kukuonyesha tabasamu juu ya shayiri tupu.