Umma ni Nani? Uhakiki wa Matangazo ya Wakuu wa Makampuni: Mfano wa Walikale

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Msemo huu unadai masharti mawili: mbiu isikike, na wanaoisikia waielewe. Masharti hayo yanaweza kuwa kipimo cha utanzu uliokua pamoja na intaneti, yaani matangazo na barua za wazi ambazo wakuu wa makampuni huuandikia umma moja kwa moja, bila kupitia kwa mhariri wa gazeti. Utanzu huu husifiwa kwa kuipa kampuni sauti ya kibinadamu. Makala haya yanauhakiki kwa swali moja: katika maandishi hayo, umma ni nani?

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin, inayochimba bati huko Bisie, wilayani Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, ilitangaza kwamba inasimamisha kazi kwa muda kwa kuwa makundi ya waasi yalikuwa yakisonga magharibi kuelekea mgodini. Wafanyakazi wangehamishwa, wakabaki wachache wa kuutunza na kuulinda mgodi. Siku chache baadaye M23 waliingia katika mji wa Walikale. Tarehe 9 Aprili, waasi walipokwisha kuondoka, kampuni ilitangaza kwamba ingerejea kazini hatua kwa hatua.

Kifani, matangazo hayo hayana porojo. Yanataja hatari waziwazi na kueleza uamuzi uliofikiwa. Hata hivyo, yaliandikwa kwa Kiingereza, na hadhira yake ni wenye hisa, kwani hisa za kampuni huuzwa Kanada na Johannesburg. Hadhira hiyo iliitika mara moja: bei ya bati ilipanda katika soko la London. Si ajabu, maana mwaka 2024 Bisie ilitoa zaidi ya tani 17,000, takriban asilimia 6 ya bati yote duniani.

Neno "soko" lina maana nyingine huko Ntoto, mpakani mwa Walikale na Masisi. Hapo soko ni mahali pa watu kukutana na kupashana habari. Na ni katika soko hilo yalipoanza, Machi 1993, mauaji yaliyoenea hadi Masisi. Kwa mkazi wa sehemu kama hiyo, habari kwamba waasi wanasonga magharibi si suala la faida na hasara. Ni suala la kukimbia au kubaki. Lakini katika sarufi ya tangazo la kampuni yeye si nafsi ya pili. Hata nafsi ya tatu ni kwa nadra.

Mfano wa Kenya unaonyesha kwamba kasoro hii haitokani na chombo. Bob Collymore, aliyeongoza Safaricom kuanzia 2010 hadi alipofariki mwaka 2019, alizoeleka kujibizana na wateja hadharani kwenye Twitter. Lakini wasomaji wake walikuwa wanunuzi wa huduma zake. Bati la Bisie halinunuliwi na watu wa Walikale. Hivyo anayekuuzia hukusemesha. Anayechimba ardhi ya kwenu huwaandikia wengine.

Huenda ikatetewa kwamba sheria za masoko ya hisa ndizo zinazoilazimisha kampuni kuwaarifu wenye hisa kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli, ila sheria hizo hazikatazi tangazo lilelile kutolewa wakati uleule kwa Kiswahili, lugha ya taifa nchini Kongo, na kusomwa redioni. Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa lugha hiyo tangu 2002.

Kwa kuhitimisha, sauti ya kibinadamu haipatikani kwa mkuu wa kampuni kutia jina lake chini ya waraka. Hupatikana pale ambapo aliye karibu zaidi na hatari anahesabiwa miongoni mwa wanaoambiwa. Wanafunzi wa mitindo ya lugha, wanapochambua nyaraka za aina hii, waanze na msomaji aliyeachwa nje.