Wodi ya siku moja: Harbel ilivyoikabili Ebola

Jumapili ya Machi 30, 2014, Wizara ya Afya ya Liberia iliiarifu kampuni ya Firestone kwamba Ebola imeingia ndani ya mashamba yake ya mpira huko Harbel. Mgonjwa alikuwa mke wa mfanyakazi, na alikuwa amemuuguza ndugu yake katika kaunti ya Lofa, kitovu cha ugonjwa nchini humo wakati ule. Ed Garcia, mkuu wa kampuni hiyo nchini Liberia, alitafuta kwanza hospitali ya kumpeleka Monrovia. Haikupatikana iliyoweza kumpokea. Ikabidi kazi ya kumhudumia ifanywe na watu wasio na uzoefu wowote wa Ebola.

Jumatatu walishinda wakiandaa wodi ya kumtenga katika hospitali ya kampuni. Jumanne mama yule akawa ndani. Mavazi ya kujikinga waliyachukua kiwandani, yale yanayovaliwa kemikali zinapomwagika. Mama alifariki, lakini hakuna ndugu yake wala mhudumu aliyeambukizwa.

Waliwezaje kwa haraka hivyo? Fedha za kampuni kubwa zilisaidia, sikatai. Ila mimi naona nguvu yao ilikuwa mahali pengine: waliwajua watu wao. Firestone ilikuwa na wafanyakazi wapatao 8,500, na ukijumlisha familia na wengine waliotegemea huduma zake za afya, walifika kama 80,000. Mgema utomvu aliishi katika nyumba ya kampuni, mwanawe alisoma shule ya kampuni, na akiumwa alitibiwa hospitali ya kampuni. Mtu akiugua, kujua analala wapi na nani anakula naye haikuwa kazi ya wiki nzima. Kwenye Ebola, wiki moja ya kutafutana ni mlolongo mzima wa maambukizi.

Mtihani wenyewe ulikuja Agosti, ugonjwa ulipolipuka Monrovia na maeneo ya jirani. Kufikia hapo kulikuwa na kikosi kimoja cha kuongoza mapambano, na chini yake timu zenye kazi zinazojulikana: kusaka wagonjwa, kuwatibu, kuwafuatilia waliotangamana nao. Waliotangamana hawakutendewa wote sawa. Kulingana na ukubwa wa hatari, wengine walikaa karantini nyumbani na wengine katika majengo yaliyotengwa, na mamia walipitia huko. Serikali ilikuwa imefunga shule, kwa hiyo walimu walifundishwa kuhusu Ebola, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuelimisha. Wafanya usafi walifunzwa kuzika kwa usalama.

Hilo la walimu nalithamini kuliko yote. Kampuni nyingi, hatari ikibisha hodi, huwarudisha nyumbani wale ambao kazi yao imesimama. Hapa mwalimu, ambaye wazazi wanamjua na kumsikiliza, ndiye aliyetumwa mlangoni. Tangazo la ukutani haliwezi kujibu swali la mama mwenye mtoto anayeharisha.

Kati ya Agosti 1 na Septemba 23 walipatikana wagonjwa 71, yaani asilimia 0.09 ya watu wale 80,000. Maabara ilithibitisha 57, na kati ya hao 39 walifariki. Tusizipite haraka takwimu hizi za vifo. Maandalizi yalizuia ugonjwa kusambaa, lakini hayakuwa dawa. Waliopona nao hawakuachwa warudi kimyakimya kukabili hofu ya majirani. Kulikuwa na timu ya kuwarejesha katika jamii.

Mfano huu una mpaka wake. Shamba lenye nyumba, shule na hospitali ni kama mji mdogo, na biashara nyingi za Afrika Mashariki haziko hivyo. Uganda ilipotangaza Ebola wilayani Mubende Septemba 2022, ugonjwa ulikuwa katika eneo lenye wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu wanaohama machimbo kwa machimbo na wasio na mwajiri mwenye jina lao. Mkoani Kagera, Tanzania, ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, uliotangazwa Machi 2023 uliingia katika jamii ya wavuvi na wakulima.

Kwa mwajiri wa kwetu, basi, swali gumu linamhusu kibarua wa siku. Mwenye shamba la maua au kiwanda cha samaki anaweza kuwa na orodha safi ya wafanyakazi wa kudumu, huku mamia wanaopanga foleni getini alfajiri hawamo popote. Na hata wakiandikwa leo, jina, namba ya simu, kijiji na watu wa nyumbani, bado kuna siku 21 za kufuatiliwa kwa aliyetangamana na mgonjwa. Kibarua asiyelipwa siku hizo ataficha homa na kuja kazini, kwa sababu watoto wanasubiri unga. Malipo hayo yapangwe sasa, yaandikwe kwenye mkataba na msimamizi wa getini ayajue, ili kibarua wa kwanza atakayesema anaumwa aambiwe palepale kwamba posho yake ipo.