Neno Fupi na Kazi ya Mkutubi

Vijana wa hapa Ihanda huniuliza kama zile jumbe fupi za mtandaoni, zilizoanza kujulikana kwa Twitter mwaka 2006, zina faida yoyote kwa mtu binafsi na kwa mkutubi kazini. Wapo wazee wenzangu wanaojibu upesi kuwa ni porojo tupu. Sikubaliani nao, wala sikubaliani na wanaozisifu kupita kiasi.

Ufupi peke yake si kasoro. Jina la kanga huwa na maneno machache tu, nalo hufikisha ujumbe ambao hotuba nzima isingeufikisha. Twitter ilianza na herufi 140, ikafika 280 mwaka 2017. Nafasi hiyo yamtosha mkutubi kutangaza kitabu kipya au saa za kufungua, na kumjibu mwalimu aliye mbali, asije akapanda gari kutoka Karagwe hadi Bukoba kuuliza tu kama kitabu kipo. Mtu binafsi naye hujifunza kupima maneno. Nilipokuwa chuo cha ualimu, zoezi la ufupisho liliwatoa wanachuo jasho kuliko insha.

Lakini kutangaza si kuhifadhi, na hapo ndipo penye hoja yangu. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ilikubali kutunza jumbe zote za hadhara za Twitter. Mwishoni mwa 2017 ikatangaza kuwa kuanzia Januari 2018 itachagua baadhi tu, kwa kuwa wingi wake ulikuwa umezidi mno. Ikiwa maktaba yenye uwezo ule ilielemewa, nani atatutunzia sisi?

Hapa nchini tulipata funzo jingine. Mei 2025 mtandao huo, uliobadilishwa jina kuwa X mwaka 2023, ulizuiwa baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kuvamiwa na wadukuzi. Mkutubi aliyeweka matangazo na majibu yake yote humo alikuwa sawa na mwenye duka ambaye funguo zake zimo mfukoni mwa mtu mwingine. Linganisha na gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Kanda ya Ziwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima waliotoka kujifunza kusoma. Nakala iliyotunzwa kabatini yasomeka hata leo, bila kuomba ruhusa ya mwenye mtambo.

Basi mkutubi atumie ujumbe mfupi kama mbiu ya kuwaita wasomaji. Swali la maana likiulizwa na kujibiwa humo, aliandike kwenye daftari la maktaba, pamoja na tarehe na jina la kitabu kilichotoa jibu. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu ni mali.