Mteremko ni wa Nani?

Mishomoroni hakuna mlima. Kuna vichochoro vya mchanga, mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama meno, na njia zinazoteremka kuelekea mikokoni, kwenye maji ya Tudor. Njia hizo ndizo uwanja wa vijana wenye "mauntini", jina ambalo huku tunaipa baiskeli yoyote yenye tairi nene na gia, hata kama gia zenyewe zishakufa zamani. Nyingi ni za mtumba, zimeingia na kontena kupitia bandarini kwetu. Fundi anaziba pancha, anakaza spoki, anaunga waya wa breki, na jioni vijana wanashuka mmoja mmoja, wamesimama kwenye pedali, kiti hakiguswi. Anayefika chini bila kuweka mguu ardhini ndiye bingwa wa siku hiyo. Kesho bingwa mwingine.

Sasa, hawa si watu wa kuonewa huruma, na hapo ndipo tatizo lao linapoanzia. Kwenye filamu na vitabu vya baiskeli vinavyotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, mwendeshaji asiyeonewa huruma hana nafasi. Nishatazama na kusoma vya kutosha kuujua mpangilio: kwanza dhiki, halafu baiskeli mbovu, halafu mgeni mwenye baiskeli bora, halafu kilima, jasho, na mwisho kilele. Nilizokutana nazo zote zinapanda. Hakuna inayoshuka.

Tuanze na ile inayojulikana zaidi, Rising from Ashes, filamu ya 2012 iliyoongozwa na T.C. Johnstone, msimulizi akiwa Forest Whitaker. Inahusu timu ya baiskeli ya Rwanda, kocha wake Jock Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, na kijana Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari ya 1994. Niyonshuti alifuzu Olimpiki ya London 2012, akabeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, na akamaliza wa 39 kwenye mbio za baiskeli za milimani.

Ni filamu nzuri, niseme mapema. Inaupa msiba wa 1994 uzito wake, na anayeitazama bila kulengwa na machozi ana moyo mgumu kweli. Lakini angalia maswali inayoyapita. Mbio za baiskeli za milimani si mapafu na mapaja peke yake. Uwanja wa Hadleigh Farm kule Essex ulitengenezwa kwa makusudi, mawe yakapangwa kwenye miteremko ili kumtenganisha anayejua kushuka na anayejua kukanyaga tu. Niyonshuti alijifunzia wapi kuchagua njia kati ya mawe? Nani alimwonyesha wakati wa kuachia breki, wakati wa kurudisha uzito nyuma ya kiti? Alipenda nini kwenye mchezo huu, mbali na kwamba ulimtoa mahali fulani? Filamu inamjua kama mtu aliyenusurika kuliko inavyomjua kama fundi wa chombo chake. Nilimaliza kuitazama nikiujua msiba wake, ila mkono wake wa breki siujui.

Na jibu halikuwa mbali. Rwanda inaitwa nchi ya vilima elfu, na kwenye vilima hivyo watu walikuwa wakishusha mizigo kwa baiskeli za mbao kabla kocha yeyote hajafika. Tom Ritchey, mmoja wa waanzilishi wa baiskeli za milimani kule California, alizuru Rwanda mwaka 2005. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya Wooden Bike Classic, ambapo hata baiskeli za mbao zilipata mbio zake. Hebu fikiria: mtu aliyetumia maisha yake akiunganisha fremu za chuma anamtazama mwenzake akiteremka kwa kasi juu ya vipande vya mti. Hapo mwalimu ni nani na mwanafunzi ni nani? Hiyo ndiyo filamu ninayoisubiri.

Kitabu nacho hakijaniokoa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na akashinda Tour de France mara nne, alitoa tawasifu yake mwaka 2014. Inaitwa The Climb, yaani Kupanda, na jina limeshasema kila kitu. Kurasa zake ninazozipenda ni zile za utotoni, pale anapomfuata David Kinjah wa Safari Simbaz kwenye njia za vumbi za Kikuyu, wakiwa na baiskeli za milimani. Hapo kuna kucheka, kuna kukimbizana, kuna kuharibikiwa na kutengeneza. Kisha kitabu kinahamia Afrika Kusini, halafu Ulaya, na njia za vumbi zinabaki kuwa mwanzo tu. Kinjah anageuka ngazi, na ngazi ukishapanda huibebi. Simlaumu Froome, hayo ni maisha yake na amemshukuru mwalimu wake. Ninachokikataa ni ramani ya hadithi: kwamba baiskeli ya Kikuyu ina maana kwa sababu ilifika Paris. Je, ingebaki Kikuyu, isingekuwa na hadithi?

Ndiyo maana nataka tuizungumzie enduro, hata kama Mombasa hatuna mlima wa kuifanyia. Enduro ni mtindo wa mashindano ya baiskeli za milimani uliopata mfululizo wake wa kimataifa mwaka 2013, ulipoanza Enduro World Series. Tangu 2023 ukawa Kombe la Dunia. Kanuni yake ni rahisi na ya ajabu. Unapanda mwenyewe, kwa miguu yako, na unatakiwa tu usichelewe kufika juu. Dakika zako za kupanda haziingii kwenye hesabu. Saa inawashwa unapoanza kushuka, inazimwa ukifika chini, halafu unapanda tena kwenda kipande kingine. Mwisho wa siku wanajumlisha muda wa miteremko peke yake. Wakati wa kupanda watu wanapiga soga, wanakula ndizi, wanasaidiana mnyororo ukikatika. Kwenye mbio nyingi, mchezaji wa kawaida mwenye kazi yake ya wiki nzima anashuka njia zile zile anazoshuka bingwa.

Isome hiyo kama kanuni ya kusimulia. Enduro inamwambia mwendeshaji: kwamba umepanda nishaamini, jasho lako silitilii shaka, sasa nionyeshe unachokijua. Hadithi zetu za baiskeli zinafanya kinyume. Zinawasha saa kwenye dhiki na kuizima pale ujuzi unapoanza. Mwendeshaji wa kwetu anapimwa kwa alichovumilia, na akishafika kileleni muziki unapanda, majina yanapita kwenye skrini, na sisi hatumwoni akishuka.

Linganisha na namna wenzetu wanavyoandikwa. Chukua uhakiki wowote wa baiskeli mpya ya enduro kwenye majarida ya Ulaya au Marekani. Shokamzoba mbele na nyuma, zenye kubonyea kama milimita 160. Breki za diski. Kiti kinachoshuka ukibonyeza kitufe kwenye usukani, ili mwili upate nafasi mteremkoni. Bei ni maelfu ya dola. Tuseme 5,000, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya laki 6. Lakini achana na bei, sikiliza lugha. Mwandishi anatumia aya nzima kueleza baiskeli inavyoingia kwenye kona, inavyotulia juu ya mizizi, inavyomsamehe aliyekosea. Ni lugha ya mtu anayejua furaha kwa undani wake. Anayeandikiwa ni karani au mwalimu anayesubiri Jumamosi, na hakuna anayemuuliza kama ni yatima kabla ya kumruhusu afurahi. Raha yake inatosha kuwa mada.

Huo ndio usawa ninaoudai, na naudai kwanza kwenye sentensi, kabla ya vifaa. Kijana anayeshuka mchangani na breki moja ana ujuzi wa kuelezwa vile vile: anaijua tairi itakapoteleza kabla haijateleza, anajua kuburuta mguu bila kuuvunja. Kutomwandika hivyo ni uvivu wa macho.

Mfano mkubwa zaidi uko Goma, mashariki mwa Kongo. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina pedali, na kinabeba mamia ya kilo za makaa, viazi au kabichi kutoka vilima vya kaskazini kuingia mjini. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu dhidi ya gurudumu la nyuma. Mji wenyewe umemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu. Picha za wageni, kwa nyingi nilizoziona, zinampiga akisukuma, mgongo umepinda, misuli imetoka. Sawa, kusukuma ni kweli. Lakini na kushuka je? Kuteremsha mzigo mzito kuliko wewe, kwenye mawe ya volkano, kwa breki ya mpira? Kama kuna bingwa wa mteremko ukanda huu mzima, ni yeye. Goma walilijua hilo, ndiyo maana wakamwekea sanamu. Mpiga picha alikuja kutafuta mateso, akayapata, akaondoka.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, dhiki ni kweli, na kuificha ni uongo mwingine. Nakubali, na sisemi tuwatoe 1994 kwenye maisha ya Niyonshuti ili yeye apendeze. Nasema msiba usiwe tiketi ya kuingilia kwenye hadithi. Pili, mteremko si mchezo wa kitoto. Hilo nalikubali kwa uchungu. Tarehe 27 Agosti 2022, Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alifariki baada ya kuanguka kwenye mbio za Vermont Overland kule Marekani. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa mmoja wa sura za Migration Gravel Race, zile mbio za siku nne kwenye barabara za vumbi za Mara, zilizoanza 2021 ili waendeshaji wa kwetu washindane nyumbani na wageni wakubwa badala ya kuhangaikia viza.

Walipomwandikia tanzia, nyingi nilizosoma zilirudi kule kule: umaskini, boda boda, kupanda. Mimi niliona jambo jingine. Mtu aliyekufa akikimbia kwa kasi alikuwa anafanya kazi yenye ujuzi, na hatari ni sehemu ya ujuzi huo, kama ilivyo kwa mvuvi na bahari. Ukimwandika kama mtu aliyekuwa akiitoroka dhiki tu, unamnyang'anya hata uchaguzi wake. Kuuandika mteremko kwa heshima ni pamoja na kuandika kwamba unaua.

Mnaweza kusema nagombania sentensi wakati vijana hawana helmeti. Lakini sentensi ndizo zinazoamua helmeti ziende wapi. Mfadhili anasoma hadithi kabla ya kutoa pesa, na akizoea kwamba mwendeshaji Mwafrika ni mtu wa kuokolewa, atatafuta wa kuokoa. Kijana wa Kisauni ambaye wazazi wake wapo, anakula, anasoma, na anachotaka ni njia nzuri ya kushukia, hana pa kujiandikisha. Hana janga la kuuza.

Na njia zipo, karibu. Kule Bamburi, mashimo ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa la matumbawe hadi René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Alijaribu aina 26, chache zikakubali, na mvinje ndio uliotamba. Majongoo wakaletwa kuyala majani yake makavu, udongo ukazaliwa. Leo ndani ya msitu huo kuna Forest Trails, vijia vya kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli chini ya kivuli. Kuna lango, na langoni kuna kiingilio, na siwalaumu wanaoutunza msitu kwa kutaka ada. Ila naona jinsi lango na hadithi vinavyofanana: ndani, kuendesha baiskeli ni burudani, nje, baiskeli ni ya madafu na mkate, au ya watoto wakaidi.

Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kuja Afrika. Kamera zilijaa vilimani, na vilima vile vilistahili. Zitarudi tena ukanda huu, kwa mbio nyingine na filamu nyingine, na safari ijayo huenda mmoja wenu ndiye atakayeshika kamera au kalamu. Ombi langu ni dogo. Usisimame kileleni. Teremka chini, utafute kona mbaya yenye mawe, tega kamera hapo, na usubiri. Atakayepita, mwulize kwanza alishikaje breki.